Siagi Chini ya Bati Jeusi

Wewe unayesoma, hebu niambie: umewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake na ndevu zake, akiacha mlango wa friji wazi mchana kutwa ili apooze chumba? Digrii aliwaona. Tena nyumba nzima! Vyumba sita chini ya bati moja jeusi, kila mwenye friji kaiacha wazi siku tatu, kwa ushauri wa fundi mmoja. Joto likazidi, umeme ukaliwa wote ukaisha. Ndiyo maana mchana ule benchi la kahawa mbele ya nyumba hiyo lilikuwa la moto kuliko birika lenyewe. Digrii, aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita na bado anazunguka na bahasha ya vyeti, alikaa pembeni na ndoo tupu ya chokaa, vidole vyeupe, akisubiri saa nane. Saa nane angekuja kijana wa mauzo na fomu ya AC ya mkopo. Dhamana: cherehani ya dada yake. Cherehani ileile iliyomsomesha.

— Tatizo lenu mlifungua kwa uoga, alisema Fundi Friji wa chumba cha pili, mwenye ule ushauri. Friji inataka kufunguliwa yote, mpaka kule kwenye barafu.

— Fundi, ukiweka mkono nyuma ya friji unasikia nini? aliuliza Digrii.

— Joto.

— Linakwenda wapi?

— Linakwenda... nyuma.

— Nyuma ni humohumo chumbani! Basic physics, kaka! Unachota maji kwenye pipa, unayamwaga kwenye pipa lilelile, halafu unalipia umeme wa kuchotea!

Mzee Funguo, mwenye nyumba, alicheka mpaka rundo la funguo kiunoni likalia.

— Hiyo fizikia yako mbona haijakupa kazi? Joto linaletwa na wageni. Mtu anatoka juani, anaingia nalo. Punguzeni wageni.

— Na viatu, mzee, akadakia Fundi. Mwili unapumulia kwenye nyayo. Ukilala miguu kwenye beseni, feni ya nini?

— Mimi nikijenga nyumba nyingine, alisema Mzee Funguo, nachimba chini ya sakafu, najaza barafu, wapangaji wanalala juu yake.

— Kama samaki? Na kodi utapima kwa kilo? aliuliza Digrii.

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Jana yake alipanda juu na chokaa iliyochanganywa na chumvi na gundi, akapaka sehemu ya bati iliyo juu ya chumba cha dada yake tu, ili weupe ulirudishe jua lilikotoka. Mzee Funguo alimruhusu kwa kejeli: isipofaa, utaikwangua kwa kucha. Asubuhi akaweka siagi kwenye sahani mbili: moja rafuni kwa dada, moja rafuni kwa Fundi. Madirisha sawa, mapazia sawa, na umeme haupo, kwa hiyo hakuna wa kusingizia feni.

Saa nane kijana wa mauzo akafika, shati limemganda mgongoni. Dada naye akatokea, tepu shingoni, akitoka kwa rafiki yake alikokwenda kushona tangu umeme uishe.

— Mdogo wangu, nakupenda, alisema, lakini nimechoka kudondoshea jasho sare za watu. Lete hiyo fomu.

— Dada, dakika moja. Sahani kwanza. Please.

Fundi aliingia kwake kifua mbele, akatoka polepole, sahani kaishika kwa mikono miwili isimwagike. Siagi ilikuwa mafuta matupu.

Dada akaingia kwake. Akakawia. Hatimaye dada akatoka na sahani: kipande kimelegea pembeni kidogo, lakini kimesimama!

— Jamani, nilidhani nimekosea mlango, alisema.

Benchi likalipuka. Vikombe vikagongwa, mtu akapiga ndoo kama ngoma.

— Siagi ya huko ni nyingine! alifoka Fundi.

— Mkebe mmoja, Fundi, na siagi uliikata wewe kwa kisu chako!

Dada akaikunja fomu mara mbili, akajipepea nayo, kisha akamrudishia mwenyewe. Kijana wa mauzo akaomba naye achungulie. Akakaa humo mpaka wakamsahau. Alipotoka, shati limekauka.

— Samahani, mimi mgeni hapa, alisema. Hivi nani alichagua bati liwe jeusi? Na kwa nini?

Fundi akaangalia viatu. Kahawa ya Mzee Funguo ilikwisha zamani, lakini aliendelea kuinywa.

Digrii akasimama, dada yake kando yake na sahani mkononi kama kombe.

— Mzee Funguo, vyumba vitano vimebaki. Kesho asubuhi, kabla jua halijakolea, tunataka chokaa ya vyumba vyote, brashi mbili na hiyo ngazi yako unayoificha. Na mpakaji umlipe ujira, siyo asante, maana amesomea. Paka nyumba yako, mzee! Na atakayetaka chokaa ikwanguliwe, aanze na kucha zake.