Ndama wa Dagane na Rangi ya Maabara

Ukitaka sayansi isiyosumbuliwa na ukweli, njoo kwenye benchi la chai nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa. Hapo huketi Redio, anayejua habari kabla hazijatokea, na Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kushindwa kila kesi aliyojiingiza. Juzi Dagane alikaa katikati yao bila kugusa chai yake. Ndama wake jike wa ngamia alikuwa amepotea, kisha akaonekana kwenye kundi la mfugaji mwenzake Korane akiwa na chapa ya moto ambayo kidonda chake hakijakauka. Korane aliapa kwamba ndama kazaliwa kwake. Ngamia wa uzao ule Dagane aliachiwa na babake, na ndama huyo ndiye wa mwisho. Daktari wa mifugo alimtoa damu, ikapelekwa maabara Nairobi, na benchi letu likageuka chuo kikuu.

Redio alisema kule wanatia damu rangi fulani, wanazima taa, wanamulika kwa taa ya buluu, na DNA inang'aa. Hapo angenyamaza angekuwa amesema kweli, lakini kunyamaza hakuwezi.

— Iking'aa kijani, ngamia ni halali. Iking'aa nyekundu, wallahi hiyo ni ya wizi.

— Nani alikuambia? Wakili aliuliza.

— Mtu.

Wakili alicheka kwa dharau. Kwa maoni yake rangi ile ni chapa tu, isipokuwa inapigwa ndani ya damu, na kama Korane aliweza kupiga chapa yake juu ya ngozi, atashindwaje kununua kopo la rangi amnyweshe ndama? Redio akajibu kwamba haiwezekani, kwa sababu kila ukoo una rangi yake huko maabara.

— Na yetu ni gani?

— Yetu imeisha. Wameagiza.

Wakasonga mbele hivyo hivyo, mpaka ndama akawa anang'aa malishoni, fisi wanamkimbia, na maziwa yake yanamulika kibuyu. Mimi niliona aibu kuwa jirani yao. Dagane alikuwa anateseka pale, na hakuna aliyemwuliza hali.

— Mimi nataka ndama yangu tu, alisema. Rangi mtakula nyinyi.

Ndipo akafika Arbia, msichana wa ofisi ya mifugo, na kisanduku chake cha barafu. Alisalimia wazee kwa «adeer», yaani ami, akakataa chai.

— Adeer Dagane, maabara wamepiga simu. Damu ya ndama iko sawa, imeng'aa vizuri.

— Rangi gani? Redio aliruka.

— Rangi inaonyesha DNA iko tu. Haisemi ni ya nani. Lazima walinganishe na ya mama. Nimekuja kumtoa damu. Mama yuko wapi?

Redio akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Wakili akapata kitu cha kutazama upande wa soko.

Dagane alijibu polepole. Ngamia yule, alipokosa ndama wake, alilia usiku na mchana na kukataa kukamuliwa. Kisha wazee wa pande zote mbili wakaja kusikiliza kesi, nao walihitaji kuheshimiwa.

— Niliona aibu kuwachinjia mbuzi, alisema. Na huyu ngamia maziwa alikuwa amefunga.

Arbia aliweka kisanduku chini. Nilimwona akitafuta namna ya kusema bila kumwumiza.

— Hakuna kilichobaki, adeer? Hata kipande cha ngozi? Mfupa?

Ngozi ilikuwa imeuzwa siku ile ile. Mifupa mimi, Redio na Wakili tuliivunja wenyewe, tukanyonya uboho na kumsifu mwenye nyumba.

Dagane aliinua bakora yake, akaipitisha taratibu kutoka kwa Redio hadi kwa Wakili, ikaishia kwangu.

— Kilichobaki ni hawa.