Onézime Decuir, Aliyepuliza Mapema (1903–1971)

Ndugu yetu Onézime Decuir alizaliwa tarehe 9 Machi 1903 huko Donaldsonville, Louisiana, kitinda mimba wa marehemu Baba Aristide na Mama Clémence. Mimi dada yake mkubwa ndimi niliyeshika taa. Kilio chake cha kwanza kiliizima, mkunga akamalizia kazi gizani. Asiyeamini atamuuliza mkunga siku akimfuata aliko.

Alisoma kwa masista hadi darasa la sita, akatusomea na sisi tusioenda. Klarineti alifundishwa na mjomba Numa, kinyozi.

Mwaka 1921 alihamia New Orleans, mtaa wa Tremé, akashika saksofoni ya tenor wakati wapigaji jazi wenzake bado wanaicheka.

"Zime, hilo bomba la moshi umeling'oa wapi?"

"Jikoni kwa mama yako. Ndiyo maana leo hujala!"

Alipiga kwenye meli za mtoni hadi St. Louis, kisha Kansas City, ambako alivuta sauti moja ya saksofoni mpaka maharage mekundu yakaiva.

Lakini mwaka 1927, Onézime akiwa amesharudi New Orleans, alizikwa Mzee Robichaux, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Mnajua bendi hupiga nyimbo za huzuni mpaka jeneza liachiwe liende zake makaburini, sisi tubaki njiani, ndipo shangwe zianze. Siku hiyo gari la maiti lilisimama kupisha treni. Onézime akadhani limesimama ili liachiwe, akapuliza shangwe. Farasi wa gari wakacheza, mjane akazimia. Valsin, mwana wa marehemu, akamfokea mbele ya watu: "Wewe Decuir, hutapiga tena kwenye maziko yetu, wala hutapigiwa!" Tangu hapo alisindikiza majeneza kwa kupita pembeni ya barabara, mikono mfukoni.

Tarehe 14 Juni 1930 alifunga ndoa na Eulalie Fortier, aliyemfanyisha mazoezi ndani ya kabati la nguo. "Pulizia humo humo, bwana. Makoti yana subira kuliko mimi." Walijaliwa Lucien na Odile.

Mwaka 1969 alipooza upande wa kushoto, na midomo ikakataa kupuliza. Hilo hakulililia. Alilia kwamba atakwenda kaburini kimya. Januari mwaka huu Ndugu Valsin, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alikuja na supu ya bamia, akawa anamlisha.

"Zime, nimekuja kufuta lile neno. Bendi itakupigia."

"Basi waanze mapema, kama mimi."

"Utundu hujauacha tu!"

"Valsin, marehemu hupigiwa za huzuni njia nzima. Za furaha zikianza, ameshaachwa. Nani amewahi kuzisikia?"

Ndugu Valsin akatua kijiko ndani ya supu.

"Baba yangu peke yake," akasema. Wakalia wote wawili.

Onézime alifariki nyumbani kwake, Jumapili tarehe 21 Februari 1971, Eulalie akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja mzee ambaye haaminiki.

Tukitoka hapa, pale kwenye kona, gari likiwa bado limesimama, Ndugu Valsin atainua mwavuli wake, ishara ya bendi kuanza shangwe. Msishangae, wala msisubiri. Farasi siku hizi hakuna, kwa hiyo chezeni ninyi.

Nawe Onézime, mdogo wangu, sikiliza kwanza. Ukishatosheka, pumzika kwa amani.