Nyar Suna Aliyeng'oa Kibao cha Kimya

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Rodi Kopany na wakwe zetu mliotoka Suna, pamoja nanyi waheshimiwa mliokalishwa mbele, poleni kwa msiba. Mimi ni Awino, dada ya Ken, mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, ingawa kuna waliotaka isomwe na mtu mwenye ulimi mpole. Huyo hakupatikana.

Damaris Nyangi Gisiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Suna, Migori, mtoto wa tatu wa Mzee Gisiri, akaanza shule ya msingi huko huko mwaka wa 1978, akamaliza kidato cha nne 1989, kisha akasomea ukutubi Kisumu, na Januari 1993 akaajiriwa katika maktaba ya jamii hapa Rodi Kopany. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na kaka yangu, nasi tukampa jina la Nyar Suna, yaani binti wa Suna, na Mungu akawajalia watoto wawili, Liz, aliyezaliwa 1996, na Mniko, 2000.

Maktaba ile ilikuwa chumba cha kuogopesha, kibao cha KIMYA kimepigiliwa ukutani, na mama wa sokoni akichungulia tu anaulizwa kama amepotea. Mwaka wa 2014 Nyar Suna aliking'oa kibao hicho kwa mikono yake, akatandika mikeka, akawaita akina mama siku za soko waje na watoto wao, wasome kwa sauti kadi za kliniki, pakiti za mbegu na Biblia, na mmoja akikosea wanacheka mpaka wanasikika barabarani. Masanduku ya vitabu aliyafikisha hadi kisiwa cha Mfangano, kwa wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, maana alisema maktaba inayongoja watu ni kama muuza samaki aliyejifungia ndani na samaki wake.

Sasa nakuja kwako Bwana Makori, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, na tafadhali usiinamie simu. Ni wewe uliyesema maktaba imegeuka soko la wanawake wenye kelele, ukamwachisha kazi tarehe 3 Februari 2022, ukafunga mlango eti kwa ukarabati. Ukarabati gani, yawa, jamani? Fundi hatujamwona hadi leo. Vitabu vilitupwa nje barazani, akina mama wakavibeba kwa mabeseni wakavificha chini ya vitanda vyao, nawe chumba ukakijaza tenti na viti vyako vya kukodisha. Viti vyenyewe ndivyo hivi tulivyokalia leo.

Marehemu alianza kuugua figo Juni 2023, akalazwa Homa Bay mara kadhaa, na kila alipopata nafuu aliniuliza jambo moja tu, kama mlango wa maktaba umefunguliwa. Alituacha alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025.

Juzi mwenyekiti alikuja hapa na shada, akasema kamati imeamua kuipa maktaba jina la marehemu. Aka! Umpige mtu teke akiwa hai, akifa umvishe taji? Familia inakataa, jina la Nyar Suna halitaandikwa juu ya stoo ya viti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochota maji na kupika, Noordin wa duka aliyeleta unga na sukari bila kuitwa, na Elkana, mfanyakazi mwenzake pekee aliyefika hospitalini. Wenzake wengine, maua yenu tumeyaona.

Programu inasema sasa tusimame dakika moja kwa kimya. Kusimama tutasimama, lakini kimya hapana, alifukuzwa kazi kwa kukikataa. Tukishamzika, kila mtu abebe kiti alichokalia, tuvipeleke kwa kuimba hadi nyumbani kwa mwenyewe, si mbali, na akina mama wamekuja na vitabu vya kurudisha maktabani, mabeseni nayaona pale nyuma. Kwa hivyo ufunguo wa maktaba, Bwana Makori, tunaomba uutoe sasa, kabla jeneza halijashuka.

Pumzika kwa amani, Nyar Suna. Sisi tumesimama hapa, tunangoja ufunguo.