Nguo ya Kompyuta Ambayo Haijazaliwa

Bisha. Nakuruhusu, bisha mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Sema Chaji muongo, Chaji aliikimbia shule kabla hajajua kugawanya, Chaji anauza makava ya simu juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali. Yote kweli. Lakini mimi, kwa mikono hii unayoiona, nimeshika nguo ya kompyuta ambayo yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Wewe na vyeti vyako umeshika nini?

Benchi letu limebanwa kati ya meza yangu na cherehani ya fundi Sindano, chini ya kibaraza cha duka la rangi ambalo mwenyewe alilifunga akaondoka na funguo. Mbele yetu hukaa Shangazi na jiko lake la mkaa, birika, na ndoo ya kuoshea vikombe. Si shangazi wa mtu yeyote pale, kwa hiyo ni shangazi wa wote. Kona yenye kivuli ni ya Mheshimiwa, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya kesi mpaka akaamini hukumu zote alizitoa yeye. Ndiyo maana benchi lina sheria yake. Mtu akitaka kununua kitu cha maana, godoro, baiskeli, jiko la gesi, analeta shauri pale. Tunalichambua, tunatukanana kidogo, halafu Mheshimiwa anapindua kikombe chake juu ya benchi. Kikombe kikipinduliwa, imepita. Habishi mtu.

Basi asubuhi moja nafungua katoni ya mzigo, chini ya makava ya simu nakuta kava la laptop. Gumu, jeusi, vipande viwili, cha juu na cha chini, halina jina popote. Sikuliagiza. Na sisi wenye kazi hii tunajua siri moja: wanaotengeneza makava hupata vipimo mapema, ili siku kifaa kinatoka, nguo yake iwe imeshafika mtaani. Nguo hutangulia mtoto. Na redio ilikuwa wiki nzima inaimba kwamba ile kampuni kubwa inakuja na laptop mpya, umbo jipya, mambo mapya, bei bado siri.

Nikalichukua kava, nikalilaza katikati ya benchi taratibu, kama mtu anayelaza kichanga.

— Ndiyo yenyewe hiyo, nikasema.

— Ndiyo nini? akauliza Sindano.

— Laptop mpya.

— Mbona ndani tupu?

— Sindano, ukiletewa suruali upunguze kiuno, huwezi kujua mwenyewe ana tumbo au hana?

Hapo nilimpata. Fundi cherehani ukimtajia suruali umemtajia mama yake. Akavua tepu shingoni, akapima.

— Kifua chembamba. Kiuno hana kabisa. Huyu amekonda kuliko ile ya ofisini kwa wakili.

— Si kukonda, ni maendeleo.

— Na hili tundu la duara ubavuni?

Mheshimiwa akakohoa. Akikohoa huwa tunanyamaza.

— La pumzi, akasema.

— La nini, mzee?

— Pumzi. Unapuliza, inakutambua. Mwizi akipuliza, inakaa kimya. Penye nia pana njia.

— Na mwenyewe akiwa amelewa?

— Inakataa kuwaka. Inakwambia nenda kalale.

— Kwa benchi hili, akasema Shangazi bila kugeuka, basi itawaka kwangu tu.

Sindano alikuwa ameingiza kidole kwenye mwanya mrefu wa upande wa kushoto, anautazama kama daktari wa meno.

— Nguo hutobolewa pale mkono unapotokea, akasema. Huu ni wa mkono.

— Laptop ina mkono?

— Mwembamba, wa chuma. Unachomoza, unachapa wenyewe, wewe unakunywa kahawa yako. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Nguo. Kwani hii si nguo?

Mheshimiwa akageuza kava, akaonyesha mistari ya matundu tumboni.

— Haya ni ya makombo. Mkate ukidondokea juu, unatokea chini.

— Mvuke! Sindano akaruka mpaka benchi likalia. Mvuke huo, mzee! Hii inapiga pasi! Ukimaliza barua zako unaigeuza, unaiburuza juu ya shati, unavaa, unaondoka!

Sasa mimi ndiye niliyelileta kava. Ningekubali kushindwa na mtu wa kushona mifuko ya suruali?

— Mtu wangu wa pale ghalani, tunakochukulia mizigo, kaninong'oneza, nikasema. (Mtu wangu huyo aliwahi kuniuliza saa ngapi. Basi.) Hii haitaki umeme. Inajichaji kwa joto la mapaja. Kadiri unavyonenepa, ndivyo inavyokaa na moto.

— Shangazi hatalipa umeme maisha! akacheka Sindano.

— Nitakumwagia hili birika, wewe mtoto. Halafu Shangazi akageuka kweli, akafuta mikono kwenye kanga. Sasa bei. Bei yake itakuwaje?

— Kitambaa kidogo, bei ndogo, akasema Sindano.

— Itauzwa kwa kilo, akasema Mheshimiwa. Serikali haiwezi kuruhusu vinginevyo.

— Nyinyi biashara hamuijui, nikasema, na sauti nikaishusha ili wasogee. Hiyo mpya ni ya matajiri, tuachane nayo. Lakini siku inatoka, zote zilizopo leo zinaanguka bei kama nyanya za jioni. Laptop ya leo utaichukua kwa bei ya viatu.

— Viatu vya ngozi?

— Ndala, shangazi.

Shangazi akaliweka birika chini. Alikuwa na sababu ya kuuliza. Binti yake, ambaye pale tunamwita Rula, anachora ramani za majengo. Laptop yake ilikuwa imekufa kabisa, kioo na roho, na mkandarasi alishamkabidhi kazi ya kuchora zahanati, kazi ya kwanza ambayo jina lake lingeandikwa pembeni ya karatasi. Kabla ya hapo alikuwa anachora, wengine wanaweka majina yao. Na mwalimu mmoja aliyepanga nyuma ya nyumba yao alikuwa anauza laptop yake iliyotumika, nzima, kwa bei ya ujirani. Akiba ya Shangazi ilitosha. Alichotaka kwetu ni neno moja tu: Rula achukue ile ya mwalimu, au asubiri?

— Asubiri! nikasema kabla hajafunga mdomo. Ukinunua leo, shangazi, kesho utajikuta umenunua jeneza.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Sindano.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mheshimiwa, na kikombe akakipindua, ko! Imepita.

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Alituamini. Usinitazame hivyo, nasimulia tu.

Baada ya hapo nikawa mtu, ndugu yangu. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuona kava. Kinyozi wa ng'ambo alileta mteja ambaye nusu ya kichwa ilikuwa haijanyolewa. "Chaji, hebu mweleze na huyu." Nami naeleza. Mkono wa chuma ukawa miwili. Pumzi ikawa inapima na malaria. Bei ya ndala ikashuka ikawa bei ya soksi, tena soksi moja. Watu wenye digrii zao walikuwa wananipisha benchini nikae katikati. Mimi, niliyekuwa nakaa nyuma darasani karibu na mlango ili nisiulizwe swali! Redio ikaendelea kusema laptop mpya inakuja, inakuja, haiji.

Halafu siku moja, kahawa ndiyo kwanza imechemka, akaja Rula mwenyewe. Kwa kweli hakuwahi kukaa benchini. Alikuwa akimletea mama yake mkaa, anaondoka. Siku hiyo alikuwa na begi mgongoni.

— Shikamoo mzee. Habari zenu, kaka zangu.

— Nzuri, mchora majumba! nikasema. Zahanati imefika wapi? Umeshaweka paa?

Akamtabasamia mama yake, si mimi.

— Mama, mkandarasi amempa mtu mwingine. Amesubiri, amechoka. Hana kosa.

Shangazi akaacha kuosha kikombe, mkono ukabaki ndani ya maji.

— Na ile ya mwalimu?

— Aliiuza siku nyingi, mama. Si tulimwambia auze? Kwa hiyo nimefikiri, kuanzia kesho nije nikusaidie hapa. Nitaosha vikombe, wewe umimine. Mpaka hiyo mpya itoke, bei zishuke.

Hakusema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu ningepata la kujibu, ningemtania, ningesema kitu. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Sindano akaanza kutafuta uzi ambao haukupotea.

— Kaka Chaji, akanigeukia, akavua begi. Nimekuja na ile mbovu yangu. Nilitaka nikuulize kama kuna mtu anaweza kuichukua kwa ajili ya spea.

Akaitoa laptop yake, akaiweka kwenye benchi. Ikatua kando ya kava. Rula akalitazama kava. Alikuwa amelisikia kwa masikio, hajaliona kwa macho. Akaliinua, akapitisha kidole kwenye mwanya, kwenye tundu, kwenye mistari ya tumbo. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, swali ambalo hata mtoto wa chekechea angeliuliza:

— Kuna aliyejaribu kuivisha laptop yoyote?

Sindano akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nikapanga makava ya simu ambayo yalikuwa yamepangwa.

— Hatukuwa na... akaanza Sindano.

— Shauri halikuhusu kuvisha, akasema Mheshimiwa polepole. Lilihusu bei.

Rula akachukua kipande cha chini, akaivisha laptop yake. Tk. Akachukua cha juu. Tk. Mwanya mrefu ukakaa pale waya zinapochomekwa. Tundu la duara likakaa pale pa waya wa masikioni. Mistari ya tumbo ikakaa juu ya feni. Limekaa kama ngozi. Laptop yake aliyoanza nayo chuo, ya zamani hata kiwandani wamesahau waliitengeneza.

Jiko lilikuwa linatoa cheche ndogo ndogo, nazisikia moja moja.

Mheshimiwa akatafuta methali. Niliona midomo yake ikitafuta, mzee wa watu, ikarudi mikono mitupu. Sindano akaviringa tepu yake kuzunguka kidole, akaviringua, akaviringa. Na mimi? Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

— Wametuuza! Hawa watu wa ghalani wametuuza mchana kweupe! Ngoja nikamshike yule mtu wangu, leo atanijua!

Rula akacheka kidogo, akanigusa bega.

— Usijilaumu, kaka. Hukujua.

— Mwacheni, akasema Shangazi. Mtoto hakujua.

Akachukua kikombe changu, akakisuuza mara mbili, akanimiminia mpaka juu. Nikainywa kahawa ile. Siwezi kukwambia ilikuwa na ladha gani.

Siku hizi Rula anaosha vikombe kwenye ndoo, na kava liko kwenye laptop yake mbovu, juu ya kabati kwao. Nilimpa bure. Watu wakasema, Chaji ana moyo.

Sasa rudi, bisha tena, maana kuna kipande nimekiruka.

Siku chache baada ya kikombe kupinduliwa, alikuja mpiga picha wa vitambulisho na laptop yake ya zamani, pembe imepasuka, anatafuta kava. Akaliona lile. Nikamwambia hilo si saizi yako, hilo ni la mambo yajayo. Akabisha. Ili nimwaibishe mbele ya watu, nikaichukua laptop yake nikaivisha mwenyewe. Lakini watu hawakuwepo. Mheshimiwa alikuwa kliniki ya macho, Sindano ameenda kununua vifungo, Shangazi ameenda kuchota maji. Nilikuwa peke yangu nilipoisikia ile tk. Vipande vyote viwili. Nikalivua haraka, kucha ikavunjika, nikamwambia mpiga picha haliuzwi, aende zake.

Jasho halijakauka, Shangazi akarudi na ndoo ya maji. Akaitua. Akasema:

— Chaji mwanangu, mwalimu amekuja tena jana usiku. Anasema kuna mteja, lakini yuko radhi kumshikia Rula kwanza. Nimwambie nini?

Kava lilikuwa mkononi mwangu, bado na joto la laptop ya yule mpiga picha. Jioni hiyo kinyozi alikuwa ameahidi kuniletea watu kutoka benki, waje wanisikilize.

— Mwambie auze tu, shangazi, nikasema.

Halafu, kwa kuwa Mheshimiwa hakuwepo, kikombe nikakipindua mwenyewe.