Ombwe la Juu, Presha ya Chini

Mbele ya duka la Kinyozi palikuwa na benchi la mbao, refu kama la zahanati, na kufika saa tano asubuhi wenyewe walikuwa wameshakaa: Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja wake walishazoea kungoja mpaka hoja iishe, Spana, fundi baiskeli wa mlango wa pili, na Kamusi, karani mstaafu wa posta aliyependa kuchambua neno lolote kama anachambua mchele. Siku hiyo katikati yao aliketi Mama Friji, na kahawa yake ilipoa mkononi bila kuguswa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitengeneza friji za mtaa mzima, kazi aliyofundishwa na mjomba wake, si chuoni. Saa nane mchana alitakiwa kwenye usaili katika kiwanda cha kufungasha nyama, kwenye mashine za kuvuta hewa. Mwaka jana walimwita, wakamuuliza ombwe ni nini, akabaki mdomo wazi mpaka wakamshukuru na kumwonyesha mlango. Safari hii ofisi ilimpa karatasi ya maneno ajisomee. Alikuwa ameisoma mara tisa.

— Tuanze na hilo hilo lililokuangusha, alisema Kamusi. Ombwe. Neno limetoka kwenye kuomba. Ombwe ni kitu kilichoombwa kikakosekana.

— Kwa hiyo pampu ya ombwe? aliuliza Mama Friji.

— Ni pampu inayotaka kuombwa kwanza, ndipo ifanye kazi.

— Hizo nazijua! alidakia Spana. Ninayo moja pale dukani. Usipoibembeleza haipulizi hata tairi la mtoto.

Mama Friji aliandika "kuomba" pembeni ya karatasi, akalitazama neno hilo, akalifuta.

— Haya, hili la pili. Kasi ya kuvuta.

— Hapo wanataka kujua kama unavuta sigara, alisema Kinyozi. Na ngapi kwa siku. Kana kabisa.

— Lakini sivuti.

— Basi utakana vizuri zaidi.

— Mvujo, alisoma Mama Friji, sauti imeanza kupungua.

Kinyozi alitazama kushoto na kulia, akainama.

— Huo ni mtego, dada yangu. Mtihani ukivuja ndio mvujo. Wakikuuliza habari za mvujo, sema hukuona karatasi yoyote.

— Karatasi wamenipa wenyewe!

— Ndivyo wanavyoanzaga.

Moyoni Mama Friji alijua anapotezwa, lakini mtu anayezama hachagui anachoshika. Akaendelea na mstari uliomkosesha usingizi: "Ombwe likiwa la juu, shinikizo huwa la chini."

— Shinikizo ndiyo presha, alisema Kamusi.

— Hiyo iko wazi kabisa, alisema Spana. Ombwe la juu liko ghorofani, kwa wakubwa. Wamekaa, feni inawapuliza, hawana presha. Presha yote iko chini kwa wafanyakazi. Wakikuajiri, dai ghorofani.

— Kile kiwanda hakina ghorofa.

— Basi wote wana presha. Fikiria upya.

Kinyozi alisogea ukingoni mwa benchi.

— Jamani, hizo pampu zinavuta hewa. Hewa ya nani? Ya kwetu! Jumanne nimepanda ngazi nane nikahema kama mbuzi. Nikadhani uzee. Kumbe tunavutwa! Wanaijaza kwenye mapipa, halafu wanaturudishia kidogo kidogo.

— Kwa njia gani? aliuliza Kamusi.

— Kwenye matairi ya baiskeli.

Spana alisimama.

— Unanituhumu mimi?

— Sijataja mtu. Nimetaja matairi.

— Mtaa huu nani mwingine anajaza matairi?

Walikuwa wameshikana maneno hivyo Mama Mtindi alipotokea na ndoo yake ya maziwa. Huyu aliuza mtindi kona ya pili, na Mama Friji alikuwa amemtengenezea friji Jumamosi.

— Mwanangu, nimekutafuta. Friji inagandisha vizuri, lakini mume wangu ananuna, anasema ulituunguzia umeme bure. Pampu yako ilinguruma nusu saa kabla hujatia gesi. Ilikuwa inafanya nini?

— Inatoa hewa, mama. Na unyevu. Unyevu ukibaki mle utaganda kwenye bomba jembamba, gesi ikwame, mtindi wako uharibike.

— Mbona ulifunga vali, ukazima pampu, kisha ukakaa unakodolea geji kama unatazama mpira?

— Nilikuwa naangalia mshale. Hewa ikishatoka, mle ndani panabaki patupu, hakuna cha kusukuma, mshale unalala chini. Ukitulia huko, bomba ni zima. Ukianza kupanda, kuna mahali hewa inarudi. Panavu...

Akaitazama karatasi, akaupitisha mkono juu yake taratibu, kama anapapasa bomba kutafuta tundu. Patupu ndilo ombwe. Panapovuja, huo ndio mvujo. Utupu ukizidi, msukumo unapungua. Miaka kumi na mmoja amekuwa akiyashika kwa mikono mambo haya, hakuna aliyemwambia yanaitwaje.

— Kiasi cha hewa ambacho pampu inaondoa kila dakika, alisema polepole, hiyo ndiyo kasi ya kuvuta.

— Mwambie mume wangu mwenyewe, alisema Mama Mtindi.

— Nitamwambia jioni, mama. Sasa hivi nina watu wa kuwaambia.

Alikunja karatasi, akainywa kahawa ya baridi kwa mkupuo mmoja, akaondoka kwa hatua ndefu. Kazi aliipata, alasiri ile ile walimpima ovaroli. Lakini hapo alikuwa bado hajafika hata kona, na nyuma yake alimsikia Mama Mtindi akijibwaga kwenye nafasi aliyoiacha.

— Na nyie tangu asubuhi mlikuwa mnamfundisha nini?

Mama Friji alipunguza mwendo asikilize. Alisikia mkasi wa Kinyozi ukianza kukata hewa, ingawa kitini hapakuwa na mteja.