Maneno Matatu Aliyoyaomba Katekista Wasike

Kwa Baba Padre, makatekista mliofanya kazi na marehemu, wachungaji mliopanda kutoka Kaptembwo na ukungu huu wa asubuhi, majirani wa Dundori na ndugu wote, Tumsifu Yesu Kristo, na pia Bwana asifiwe, kila mtu aitikie ile anayoijua, kwa maana marehemu alizoea kusema kwamba Mungu hana shida ya masikio.

Historia hii imeandikwa na inasomwa kwa niaba ya familia na Naliaka, mtoto wake wa pili, ambaye kama desturi ya historia hizi inavyotaka atajitaja kwa jina lake kama anavyowataja wengine, kwa hiyo msishangae. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemteua, na alimwomba amalizie kwa yale maneno matatu ambayo kila historia ya marehemu huishia nayo. Naliaka hajayasema mbele ya kaburi lolote kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kuwa anaamini, kama kanisa lake linavyofundisha, kwamba maneno hayo ni ombi kwa ajili ya mtu aliyekwisha kwenda, na hajaona Biblia ikimwagiza kuwaombea waliokwenda. Ndiyo sababu katika karatasi mlizogawiwa, mwisho wa ukurasa wa nne, mtaona nafasi imeachwa wazi, mpiga chapa hakukosea.

Marehemu Kaspari Wasike alizaliwa tarehe 12 Machi 1954 katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mjini Nakuru, ambako babake alikuwa mtia makaa wa garimoshi, na aliitwa Wasike kwa sababu mwaka huo nzige walipita, na mamake alipenda kusimulia kwamba mchana ule jua lilififia, taa zikawashwa, na mtoto akaja akidhani ni jioni. Alibatizwa Jumapili ya pili baada ya kuzaliwa, jambo alilolitaja mara nyingi, kwa fahari kubwa mno kwa mtu ambaye siku hiyo alikuwa amelala.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1962 hadi 1969, na huko ndiko alikojifunza katekisimu ya maswali na majibu, kijitabu cha jalada la kijivu ambacho alikikariri chote, hata mwalimu akianza swali yeye tayari yuko katikati ya jibu. Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha kusindika pareto, akafanya kazi hapo hadi mwaka 2003, na wenzake wanamkumbuka akirudi nyumbani amepakwa vumbi la maua, watoto wake wakipiga chafya mlangoni kabla hata hajabisha. Mwaka 1979, baada ya mafunzo ya miaka miwili, alikabidhiwa kanzu nyeupe ya katekista, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na moja, akawafundisha watu wasiohesabika, wengi wao mko hapa, na aliwafundisha akina mama wote wa jumuiya jinsi ya kumbatiza mtoto aliye hatarini, maji kidogo na maneno machache, akisema hilo halihitaji padre bali mtu asiyechelewa.

Alifunga ndoa takatifu na Perpetua Nasimiyu tarehe 18 Desemba 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu, Simiyu, Naliaka na Valarie, wajukuu watano walio hai, na mjukuu mmoja aliyetangulia. Mwaka 1995 walihamia hapa Dundori katika ekari hii moja na nusu, wakapanda viazi na kufuga ng'ombe wawili, na asubuhi ukungu ukipanda hivi kutoka bondeni marehemu alipenda kusimama kwenye ua na kutazama ziwa likitokea mbali chini, likipotea, likitokea tena, mpaka chai inapoa.

Huyo mjukuu aliyetangulia ni Emmy, binti wa Naliaka na mumewe Ooko, aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 2001 na kufariki tarehe 14 mwezi huohuo, na familia imekubaliana asitajwe kwa haraka, kwa sababu maisha ya marehemu yaligawanyika hapo. Mtoto alizidiwa, Naliaka akatuma habari Dundori, akitaka babake ndiye ambatize, na marehemu akashuka mjini na chupa ya maji katika mfuko wa koti lake, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, akafika hospitalini saa nne asubuhi, na mtoto alikuwa amekata roho saa tatu. Tarehe 16 Agosti mtoto aliletwa hapa akazikwa upande wa chini wa shamba, na marehemu, aliyewazika watoto wa watu wengi, hakuvaa kanzu yake wala hakufungua kitabu cha sala. Mama Perpetua alipomwuliza, alijibu kwamba mtoto hakubatizwa, na ya kwamba kijitabu kinasema watoto wa namna hiyo hawaingii mbinguni, wanakaa mahali pengine pasipo na maumivu na pasipo na Mungu.

Naliaka, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili, maziwa bado yakimlowesha blauzi, aliuliza swali moja tu, "Baba, hiyo imeandikwa wapi?"

Mtu aliyekuwa na jibu la kila swali aliinama, akamwaga yale maji ya chupa kando ya kaburi, pale alipokuwa amechomeka mche wa plamu, akaingia nyumbani. Wiki iliyofuata Naliaka alianza kusali na walokole wa Kaptembwo, na kwa miaka kumi na mmoja baba na binti walisalimiana tu kwenye arusi na matanga, kila mmoja akimwuliza mwenzake habari za ng'ombe na za hali ya hewa.

Watu walidhani wanagombana kuhusu dini, na kweli ilionekana hivyo, kwa kuwa Naliaka alijifunza Biblia kwa bidii ya mtu anayetafuta silaha, akajua wapi pa kumkamata Mkatoliki kuhusu Bikira Maria, kuhusu sanamu, kuhusu toharani na kuungama kwa padre. Hakuna aliyejua kwamba katika miaka hiyohiyo marehemu naye alikuwa akisoma jioni baada ya kukamua, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo na kurudi tena, akitafuta mahali ambapo lile jibu la kijitabu liliandikwa.

Lililowakutanisha ni kosa dogo la kifamilia. Mama Perpetua alikuwa amewanunulia wote wawili vifuniko vya Biblia vya ngozi nyeusi vyenye zipu, vinavyofanana kama mapacha, na tarehe 1 Desemba 2012, kwenye arusi ya Valarie hapa nyumbani, mvua ilipoanza kila mtu akakimbia na kilichokuwa karibu, na Naliaka akafika Kaptembwo akiwa na Biblia ya babake, ile ya vitabu sabini na vitatu, naye marehemu akabaki na ya binti yake, ile ya sitini na sita. Naliaka anakiri kwamba aliifungua kwa nia mbaya. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho katika Biblia yake hakimo, penye habari za Yuda kuwaombea askari waliokufa, alikuta ukingo wa ukurasa umejaa majina kwa kalamu ya risasi, babu, bibi, wafanyakazi wa kiwandani, na la mwisho Emmy, limeandikwa na kukolezwa tena kila mwezi wa Agosti mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Aliendelea kufungua, na katika Kitabu cha Pili cha Samweli, penye mfalme Daudi akisema kuhusu mtoto wake aliyekufa kwamba yeye ndiye atakayemwendea, mtoto hatamrudia, alikuta maneno hayo yamepigiwa mstari. Huku Dundori, siku hiyohiyo, marehemu alikuwa amefungua Biblia ya bintiye na kukuta maneno yaleyale yamepigiwa mstari kwa wino wa bluu, kwa maana kitabu cha Samweli kiko katika Biblia zote mbili.

Jumapili iliyofuata, mara baada ya ibada, Naliaka alipanda kuirudisha Biblia, akamkuta babake amekaa chini ya plamu na ya kwake magotini. Walibadilishana Biblia. Kisha marehemu akasema, na haya Naliaka ameyatunza kama yalivyosemwa, "Naliaka, mimi nilikukosea. Hiyo jibu nilikariri kwa kitabu ya zamani, nikakupiga nayo. Nimetafuta hapa ndani miaka kumi na moja, haiko." Akaongeza kwamba alikuwa amemwendea Padre, na Padre akamwonyesha kwamba hata Kanisa lenyewe halikuwa limelifanya jibu hilo fundisho la imani, na kwamba katekisimu mpya, iliyotoka miaka tisa kabla ya Emmy kuzaliwa, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na ina sala za kuwazika, ila yeye hakuwa ameisoma, kwa sababu aliamini kwamba ya zamani anaijua. Naliaka alilia, naye pia alilia, na plamu zilikuwa hazijaiva lakini walizila hivyohivyo.

Tangu siku hiyo kila Jumapili mchana walibishana kwa raha, hata Mama Perpetua akawa anahamishia kiti chake jikoni. Binti alimwambia Yesu alikataza kumwita mtu yeyote duniani baba, marehemu akamwuliza mchungaji wake wa Kaptembwo anaitwa nani na waumini wake, na Naliaka akalazimika kukiri kwamba anaitwa Dadi. Marehemu alimwomba amwonyeshe mstari unaosema kila jambo la imani lazima liwe na mstari, na Naliaka akaahidi kuuleta, na kwa kweli bado anautafuta. Lakini kuhusu kuwaombea wafu hakuna aliyemvuta mwenzake, kwa kuwa ushahidi wa mmoja ulikuwa katika kitabu ambacho mwingine hakuwa nacho.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na moyo uliopanuka, akalazwa mara tatu hapo Nakuru, na katika miezi yake ya mwisho alipenda kuketishwa chini ya plamu, akisinzia na kuamka, ukungu ukimpitia, hata mara nyingine ilikuwa vigumu kujua anazungumza na nani. Januari mwaka huu alimsimulia Naliaka kwamba ameota amebeba ile chupa katika nchi yenye mito mingi, akiuliza kila mtu mtoto yuko wapi, na msichana mrefu akaja akimcheka, akamwita Kuka, yaani babu, akamwambia, hayo maji ni ya nini, si unaona huku tumejaa maji. Baada ya kusimulia alimwomba Naliaka asome historia yake na amwambie yale maneno matatu. Naliaka akasema hajui kama ataweza. Marehemu akasema, "Basi kama huamini, usiseme. Uongo haunisaidii."

Alifariki tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, saa ileile aliyofika hospitalini mwaka ule, akiwa na miaka sabini, miezi kumi na siku ishirini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya iliyosali hapa jioni zote tisa, washirika wa Kaptembwo waliokuja na maturubai na viti bila kuulizwa, wenzake wa kiwandani, na jirani yetu Mzee Gachanja, aliyekamua ng'ombe wetu tangu Desemba na kukataa hata chai.

Hapa karatasi inaishia.

Naliaka ameamka leo bado hajui. Ameshuka hadi pale chini, ukungu ulikuwa umejaa, wachimbaji wamemaliza kazi, na ameyaona makaburi mawili bega kwa bega, refu na fupi, na plamu zilizoiva zimeangukia yote mawili. Akakumbuka kwamba tarehe 16 Agosti tulikuwa hapahapa, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na hakuna aliyemwambia mtoto neno, baba kwa sababu ya kijitabu chake, na mimi kwa sababu ya hasira yangu. Naam, nimesema mimi. Kesho nitakuwa kanisani kwangu kama kawaida, na mstari wa kuniagiza kuwaombea waliokwenda sijauona bado. Lakini Baba alisema nisiseme nisiloamini, na ninaamini kwamba Mungu aliyempokea mmoja ndiye aliyempokea mwingine, na kwamba nikimwomba jambo hili hatanifukuza.

Emmy, mwanangu, nimechelewa, pumzika kwa amani. Kuka wako amekuja, safari hii hana chupa.

Baba, pumzika kwa amani.