Niliandikwa Katika Kundi la Wazima

Bwana asifiwe! Nimesikia wa mbele peke yao. Na ninyi mlioketi nje juu ya mawe kwa kuwa kanisa limejaa, Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Akinyi wa kibanda cha chai, pale machimboni. Hakuna mkata mawe hapa Maweni ambaye hajala mahamri na mbaazi zangu, na wapo walionuna siku nazi ilipopungua. Leo sikuleta mahamri. Leo nimeleta nyonga! Mchungaji amenipa dakika kumi. Nimemwambia niliumwa miaka minne, kwa hiyo avumilie kidogo.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Goti! Goti langu hili la kulia. Asubuhi natoka kitandani nimeshika ukuta, natoka nyumbani nimeshika mlango, nafika kibandani nimeshika meza. Wateja walinitania kwamba natembea kama mtu aliye ndani ya mashua. Mlicheka, nami nilicheka, kisha nikageukia jiko nikalia.

Nililipaka kila kitu. Mafuta ya nazi na tangawizi, mafuta ya kondoo kutoka Amu ng'ambo, dawa ya mkebe yenye picha ya mwanamieleka. Nilifunga bandeji. Nilivuka maji nikapigwa picha ya goti, nikaambiwa goti ni zuri sana, halina neno. Ndugu zangu, mnajua uchungu wa kuambiwa huna neno na huku unachechemea kurudi nyumbani?

Na ninyi mliniombea. Nawashukuru mbele za Mungu. Akina mama wa Alhamisi walilishika goti hili mpaka mikono ikafa ganzi. Siku moja ya mfungo mzee wetu wa kanisa, Mzee Odhiambo, yule pale, na mimi nampenda, alisimama akasema, "Dada, kuna kitu umeficha. Ndiyo maana maombi hayapiti." Nilikasirika! Nilimnyima mbaazi wiki nzima, na yeye ni mkata mawe tangu ujana wake, tumbo lake si la mchezo. Lakini nilipofika nyumbani nilikiri moyoni kwamba alikuwa amesema kweli. Kitu nilikuwa nimeficha. Mzee alikosea tu kudhani ni dhambi.

Goti halikuwa peke yake. Kulikuwa na mahali pengine, juu, pale paja linapokutana na tumbo. Pale palinichoma kama sindano kila nilipoinua mguu. Jina lake nitalitaja leo, subirini. Lakini wakati ule ningemtajia nani? Nimwambie Mchungaji, weka mkono hapa uombe? Thubutu! Nilionyesha goti, kwa sababu goti lina adabu, unaweza kulionyesha mbele ya watu. Mtu akiniuliza, nasema, "Mguu." Na mguu ni mrefu, jamani. Unaweza kuficha mambo mengi ndani ya neno hilo moja.

Nikaanza kushindwa na vitu vidogo vidogo. Kucha za mguu wa kulia nilikatiwa na jirani, nikamdanganya kwamba macho yangu hayaoni. Macho haya yanayoiona ndege kabla haijakaribia uwanja wetu hapa Manda! Kwenda Amu niliacha, kwa kuwa mguu ulikataa kuvuka ubavu wa mashua, na siku moja nahodha alininyanyua kama gunia la unga mbele ya wanaume wote. Kanisani nikaacha kupiga magoti. Nilibaki nimesimama nimeinamisha kichwa, na wengine mkadhani nimeanza kiburi.

Ndipo binti yangu Akinyi, yule mwalimu, akapiga simu kutoka Siaya. Akasema, "Mama, shule zikifungwa nakuja kukuchukua. Nimekuandalia chumba. Utakaa tu, utaletewa kila kitu." Mtoto mwema, Mungu ambariki. Lakini ndugu zangu, nilisikia kama nimesomewa hukumu! Nilikuja kisiwa hiki mjane na sufuria mbili. Kibanda kile ndicho kilichomsomesha yeye huyo Akinyi. Leo niende nikakae kitini, niletewe maji ya kunawa, ningoje kuletewa chai iliyopikwa na mtu asiyejua chai? Nilimwambia Mungu waziwazi. Nikasema, Baba, kama ni kunichukua, nichukue nikiwa nimesimama mbele ya jiko langu.

Hapo ndipo Mungu alipoleta watu wa utafiti! Haleluya!

Mnawajua, wale waliofika mwaka jana na karatasi zao. Walitaka kujua kazi ya kukata mawe inafanya nini katika nyonga na uti wa mgongo. Wakawaandika wakata mawe, kisha wakatafuta na watu wasiokata mawe, wa rika lile lile, wasio na maumivu hayo, wawe wa kulinganishwa nao. Aliyekuja kibandani kwangu ni muuguzi, Bi Rukia, mwenyeji wa Mkomani kule Amu. Leo ni mgeni wetu, ameketi pale mlangoni na buibui lake. Bi Rukia, karibu sana. Usiogope kelele zetu, ndivyo tulivyo.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya jiko, hakuniona nikitembea. Akaniuliza kama nakata mawe. Nikasema hapana. Mgongo unauma? Hapana. Nyonga je? Nyonga! Mimi nilijua nyonga ni zile za kuchezesha harusini. Nilidhani ni hapa ubavuni, mwanamke anapoweka mkono akitaka kugombana. Hapo hapakuuma hata kidogo. Nikamjibu, "Nyonga zangu salama kabisa." Goti hakuuliza, nami sikusema, kwa sababu nilitamani, japo kwenye karatasi tu, mtu aniandike mzima.

Akaniandika! Kundi la wazima! Nilifurahi mchana kutwa, nikamwongezea kila mteja andazi.

Siku ya kupimwa ikafika. Tukaitwa shuleni, darasa la kwanza, kitanda kimewekwa nyuma ya pazia. Daktari alikuwa kijana kutoka Machakos, Daktari Mutiso, anaweza kuwa mwanangu wa mwisho. Bi Rukia akashika orodha ndefu ya maswali. Akasema, "Mama Akinyi, karatasi ya Nairobi yauliza kama waweza kungia garini. Gari hapa Manda liko wapi? Mimi nimeyaandika upya ya kwetu. Haya, waweza kukaa yuu ya mbuzi?"

Daktari akainua kichwa. "Mama anapanda mbuzi?"

Tulicheka mpaka pazia likatikisika! Bi Rukia akamweleza kwamba ni kile kigoda cha kukunia nazi, chenye chuma cha meno mbele, na unakikalia miguu ikiwa imepanuliwa. Sasa nikiwa bado nacheka, ulimi umelegea, nikajibu ukweli. "Siwezi. Naikalia upande, huu mwaka wa pili."

Bi Rukia akaacha kucheka. Akauliza kucha za miguu. Nikasema nakatiwa. Akauliza kuingia mashuani. Nikasema nanyanyuliwa. Akaweka kalamu chini. "Mama, na wewe umeandikwa mzima! Nitizame matoni." Nikamtazama machoni. Akasogea karibu, akapeleka mkono wake mwenyewe juu ya buibui lake, pale pale, akasema kwa sauti ya chini, "Na hapa? Hapa hapakuumi?"

Ndugu zangu, miaka minne hakuna aliyeniuliza hapo! Nililia kama mtoto. Bi Rukia akanishika bega akasema, "Usione haya. Mimi ni mwanamke kama wewe."

Daktari akanilaza kitandani. Goti hakulibonyeza. Alilikunja tu kwa upole, akaushika mguu, akauzungusha kidogo kutoka juu, pajani. Nikapiga ukelele, "Goti langu!" Akasema, "Mama, goti sijalifanya kitu. Nimezungusha nyonga." Akarudia taratibu. Nikapiga ukelele tena, "Goti!" Akatabasamu kwa huruma. Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inashuka pia mpaka gotini, kwa hiyo nyonga inaweza kuugua na goti likalia. Na nyonga yenyewe haiko pale pa kuwekea mkono wakati wa ugomvi. Kiungo chake kiko ndani, mbele, na maumivu yake hutokea hapa.

Sasa nataja. Akina mama, msijifunike leso. Kinena! Kinena, ndugu zangu! Neno lenyewe hilo, nimelisema madhabahuni, na paa halijaanguka.

Tukavushwa kwenda Amu kupigwa picha, safari hii si ya goti. Daktari akanionyesha. Upande wa kushoto mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, kimekaa ndani ya kikombe chake, na kati yake kuna nafasi nyeusi, ndipo lilipo gegedu. Nikamwambia gegedu nalijua, ni ule weupe laini kwenye paja la kuku, mimi nimechinja kuku wengi. Akasema, "Basi tazama kulia, Mama." Nikatazama. Nafasi haikuwapo. Mfupa ulikuwa unasaga mfupa! Goti la watu halikuwa na kosa lolote, na sisi tumelipaka mafuta ya kondoo miaka minne.

Akasema lazima anitoe katika kundi la wazima, maana nikibaki humo nitaharibu utafiti wote. Nikamwambia, "Nitoe, mwanangu! Niandike mgonjwa! Niandike kwa wino mwekundu!" Sijawahi kufurahia ugonjwa namna ile. Bi Rukia akainua mikono akasema, "Alhamdulillahi, ndia imeonekana." Na mimi nikaitikia, "Njia hiyo, amina!" kwa sauti kubwa kuliko yake.

Akinyi alipofika kunichukua alinikuta na barua ya hospitali Mombasa. Nikamwambia, vizuri umekuja na begi, tunakwenda pamoja, lakini si Siaya. Niliogopa upasuaji, siwadanganyi. Kutolewa kichwa cha mfupa na kuwekewa cha chuma! Nilipolala kwenye kile kitanda cha matairi nilimwambia Mungu, Bwana, sasa sikuonyeshi goti tena. Unajua ni wapi. Nikafumba macho.

Kesho yake, ndugu zangu, kesho yake tu, walinisimamisha! Kidonda kilikuwa kinauma, nilikuwa nimeshika chuma cha kutembelea, lakini ile sindano ya miaka minne nikaitafuta nisiione. Nikamwuliza muuguzi, "Imekwenda wapi?" Akadhani nimepoteza kitu kitandani.

Nimefanya mazoezi yote niliyopewa, sikuruka hata siku moja, na Akinyi alinisimamia kama askari. Nilipotupa gongo la mwisho alinitazama nikimpikia chai, akapakia begi lake akarudi kwa wanafunzi wake. Chumba kile cha Siaya amewekea kuku! Kukaa chini chini bado nimekatazwa, kwa hiyo fundi amenitengenezea mbuzi yenye miguu mirefu kama kiti cha mfalme, njooni muione. Kucha nakata mwenyewe. Juzi nimeingia mashuani, nahodha akanyoosha mikono kuninyanyua, nikampita.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi kwa maombi, na wala hayakupotea. Sisi tuliweka mikono kwenye goti, Yeye akaisogeza mpaka mahali penyewe, akamtumia dada wa Mkomani mwenye busara ya kuuliza. Na sasa kwenye karatasi yao kuna swali jipya, la kinena. Wanawake wanaulizwa na mwanamke, wanaume na mwanamume, faraghani, nyuma ya pazia.

Namalizia, Mchungaji, usisimame. Watu wa utafiti wamerudi. Leo baada ya ibada wako pale shuleni mpaka jioni, na wapo wanaume hapa ambao mwaka jana waliulizwa wakajibu hawaumwi popote, wengine hata kupimwa hawakwenda. Mimi nauza chai, nawaona mnavyoinuka kwenye benchi langu. Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Fumbeni macho. Kila mtu aweke mkono wake mahali panapomuuma kweli. Si pale unapowaonyesha watu. Mtumaini Mungu, hakuumba mahali pa aibu.

Mimi sijafumba macho, mtanisamehe. Nawaona. Mgongo, naona. Bega, naona. Na Mzee Odhiambo, mpenzi wangu wa mbaazi, naona mkono wako uko gotini.

Sasa naona unapanda.

Usiutoe hapo, mzee. Bi Rukia, mwongezee kitanda yule daktari wako. Mzee Odhiambo anakuja, na mimi ndiye nitakayemshika mkono mpaka mlangoni pa shule, kwa miguu yangu miwili.